Zzt 41: pale nilipokwama na kinubi

Mwezi wa nne niliegemeza simu kwa dirisha nikajirekodi nikipiga wimbo mmoja wa kanisa, dakika tatu hivi, wimbo nimeupiga mpaka vidole vinaujua vyenyewe, halafu nikakaa kitandani na iafoni nikasikiliza. Nilitarajia nifurahi. Nilichosikia ni zzt. Halafu zzt tena. Zzt zzt. Nikachukua kalamu nikaanza kuweka alama nyuma ya karatasi ya kwaya kila nikiisikia, na wimbo ulipoisha alama zilikuwa 41, na nikiwa napiga sikuwa nimesikia hata moja.

Kama unapiga kinubi unaijua hiyo sauti. Uzi bado unalia, yaani bado unatetemeka, kidole kinarudi juu yake kwa wasiwasi, kinaugusa kabla hakijaushika vizuri, na ule uzi unaanza kugonga ngozi. Ni muda mdogo sana lakini kwa anayesikiliza ni kama nzi ameingia ndani ya wimbo. Hakuna mtu atakwambia umekosea noti, manake noti iko sawa. Atakwambia tu "iko poa" na hatakuomba upige tena, na wewe utaenda nyumbani ukijiuliza shida iko wapi.

Naandikia watu walio pale nilipokuwa. Umeshatoka kwa kuanza, unasoma noti au solfa, mikono yote miwili inafanya kazi, una nyimbo kumi, kumi na tano unazoweza kupiga kwa harusi, lakini miezi inapita na sauti yako ni ile ile. Mimi nilidhani dawa ni kasi, nikawa naongeza metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kila wiki. Sikuwa na shida ya kasi. Vidole vyangu vilikuwa vinafika kwa uzi saa ile ile noti inatakiwa, kama mtu anayefika steji wakati matatu inang'oa. Kidole kinatakiwa kiwe kimefika zamani, kimetulia, kinangoja.

Niseme kwanza ninachopiga. Ni kinubi cha liva, vile vishikizo vidogo juu ya nyuzi ambavyo ukiinua kimoja uzi wake unapanda nusu noti, nyuzi 34, nilikinunua mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama Nairobi. Nimekityuni kwa ufunguo wa E-flati kama vinubi vingi vya aina hii, liva zote zikiwa chini uko E-flati, ukiinua za B, E na A unapata C, ukiongeza ya F uko G. Nyuzi za C ni nyekundu na za F ni nyeusi, ndio unajua uko wapi, bila hizo rangi ungepotea kama mtu amewekwa soko la Gikomba usiku. Kile kikubwa cha okestra kina nyuzi 47 na pedali 7, na mfumo wake wa pedali za hatua mbili ni wa Sébastien Érard, aliupatia hataza London mwaka 1810, na mpaka leo watu wanatumia wazo lile lile. Lakini vidole ni vidole, haya ninayosema ni ya vinubi vyote viwili.

Miaka miwili ya kwanza nilijifunza kwa video peke yangu. Halafu nikapata mwalimu, tunaonana Jumamosi saa mbili asubuhi kwa simu kama data haijaisha. Somo la kwanza nilikuwa nimejiandaa kumpigia wimbo wangu mgumu kabisa. Akaniambia, "Weka vidole vinne kwa nyuzi nne, halafu usipige." Nikaweka. "Sasa kaa hapo." Nikakaa. Akauliza, "Kidole cha pete kiko kwa uzi ama kiko karibu na uzi?" Nikaangalia. Kilikuwa karibu. Kilikuwa hewani, upana wa njugu hivi kutoka kwa uzi, na mimi ningeapa kwamba kimegusa. Hapo ndipo nilielewa kwamba kwa miaka miwili sikuwahi kuweka vidole vyangu, nilikuwa navirusha.

Kinubi hutumia vidole vinne kila mkono. Gumba ni 1, shahada ni 2, cha kati 3, cha pete 4. Kile kidogo cha mwisho hakipigi, ni kifupi mno, kukilazimisha kunavuruga mkono mzima. Sasa chukua skeli ya kupanda, do mpaka do ya juu, nyuzi nane. Unaweka 4, 3, 2, 1 zote kwa mara moja kwa do, re, mi, fa, kabla hujapiga chochote. Unapiga 4, unapiga 3, unapiga 2, na gumba bado limeshika fa, halijapiga. Hapo ndipo kuna kazi yenyewe. Gumba likiwa bado limeshika, vile vidole vitatu vinapita chini yake, chini kabisa kama mtu anayeinama kupita waya wa nguo, vinakaa kwa so, la, ti. Vikishakaa ndipo gumba linapiga fa na kuruka kwenda do ya juu. Kwa hivyo hakuna wakati mkono wote uko hewani. Kila saa kuna kitu kimeshika kinubi. Kushuka ni kinyume, 1, 2, 3, halafu kidole cha pete kikiwa bado kwa uzi wake gumba linapita juu na kukaa mahali papya, kisha cha pete kinapiga.

Ukisoma hivyo inaonekana rahisi. Mimi ilinichukua wiki sita. Gumba langu lilikuwa na haraka, kila nikifika fa lilikuwa linapiga kabla wengine hawajapita, na matokeo yake ni ile skeli yenye shimo katikati, do re mi fa, nafasi, so la ti do. Ukisikiliza watu wengi wa kiwango cha kati utaisikia hiyo nafasi kila baada ya noti nne. Wanaficha kwa kuongeza kasi. Haifichiki.

Sasa rudi kwa zzt. Kama kuweka mapema ndio dawa, mbona nikiweka mapema nilikuwa napata mikwaruzo zaidi? Manake kuna uzi umenyamaza na kuna uzi unaolia, na hizo ni kesi mbili tofauti kabisa, na hili hakuna video ilikuwa imenieleza. Uzi ambao haujapigwa, uwekee kidole mapema vile unavyoweza, hautalalamika. Uzi ambao bado unalia, ukiuwekea kidole mapema unaua noti ambayo bado inatakiwa, na ukiuwekea polepole unapata zzt. Huo unangoja mpaka mwisho kabisa, halafu kidole kinaingia mara moja, kwa nyama yote ya ncha, kwa uthabiti. Si kwa nguvu. Ni vile unavyoweka mkono kwa bega la mtu unayemjua, hupapasi kwanza.

Nikachukua ule wimbo wa alama 41 na penseli, nikapitia kila mahali pa zzt nikiuliza swali moja tu, hapa uzi ulikuwa umenyamaza au unalia? Nilikuta kama nusu ni mahali melodia inarudia noti ile ile mara mbili au tatu, na nyimbo zetu za kanisa zina marudio mengi sana, so so so la so. Dawa ya hapo si kidole kimoja kurudi pale pale kikikimbizana na uzi. Nilianza kubadilisha, 2 halafu 1 halafu 2, kidole kingine kiingie upya kikiwa kimetulia. Zingine zilikuwa ni kucha. Kucha zangu zilikuwa zimetokeza kidogo tu, milimita moja pengine, na zilikuwa zinafika kwa uzi kabla ya nyama. Nikakata. Zzt nane zikaisha jioni hiyo hiyo bila mazoezi yoyote, wacha nikwambie sijawahi kupata faida rahisi kama hiyo kwa muziki.

Kuweka ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kidole kinaenda wapi baada ya kupiga, na hapa wengi wetu tuliojifunza na gita kwanza tuna tabia mbaya. Kwa gita unavuta na kidole kinabaki pale pale hewani, kimekunjika nusu. Kwa kinubi kidole kinapiga na kuendelea mpaka ndani ya kiganja, kinafunga. Gumba nalo linashuka juu ya kidole cha shahada, kama unafunga kifuniko. Ukisimamisha kidole nusu njia sauti inakuwa nyembamba na kavu. Ukikiacha kifunge chote uzi unapewa nafasi ya kulia wote. Jaribu sasa hivi kwa uzi mmoja, piga mara tano bila kufunga, mara tano ukifunga, huhitaji mwalimu kukwambia tofauti.

Na gumba likae juu. Gumba langu lilikuwa chini, karibu na kidole cha shahada, kwa hivyo kila nikipiga hivyo viwili pamoja vilikuwa vinagongana. Likiwa juu, na vidole vingine vikielekea chini, kila mmoja ana njia yake ya kufungia na hakuna anayemgonga mwenzake. Mwalimu alikuwa ananiambia "gumba!" karibu kila dakika, mpaka mtoto wa jirani anayekuja kukaa mlangoni nikifanya mazoezi akaanza kunisaidia kazi hiyo, ananiangalia mkono, halafu "Anti, gumba!" Na ni kweli, huwa limeshuka.

Kuna shule tofauti kwa mambo haya, na ukizunguka mtandaoni utakuta watu wanabishana. Henriette Renié wa Paris, yule aliyeshinda tuzo ya kwanza ya Conservatoire, chuo cha muziki cha huko, akiwa na miaka 11 na miguu haijafika kwa pedali mpaka baba yake akamtengenezea za kurefusha, ndiye alimfundisha Marcel Grandjany, na Grandjany akaipeleka njia hiyo Marekani, mkono wa kulia unaegemea kidogo ukingo wa ubao wa sauti, ule nyuzi zinapotokea. Carlos Salzedo, naye wa Ufaransa, naye alienda Marekani, akafundisha viwiko vikae juu, mikono isiegemee, na baada ya kupiga mkono unainuka polepole. Nilipoteza miezi nikichanganya zote mbili, video moja asubuhi nyingine jioni. Zote zimetoa wapigaji wakubwa. Chagua moja, ya mwalimu wako kama unaye, ukae nayo mwaka mzima. Mimi niko na Grandjany, na sababu yangu ni ndogo tu, mkono wangu wa kulia ulikuwa unachoka na ule ukingo unanipa pa kupumzika.

Kuchoka huko kulinifikisha mahali pabaya kidogo. Mwaka jana kabla ya harusi moja nilikuwa nafanya mazoezi saa mbili mfululizo usiku, mkono wa kulia ukaanza kuuma kutoka kifundo mpaka kiwiko, nikaendelea, nikidhani ni misuli inakomaa. Haikuwa inakomaa. Nilikaa siku kumi bila kugusa kinubi na harusi nikaipiga nusu ya nyimbo nilizoahidi. Nilipomweleza mwalimu hakuuliza kuhusu mkono, aliuliza nakalia nini. Nilikuwa nakalia kiti cha plastiki, kile cha kawaida, na kiko chini sana, kwa hivyo mabega yalikuwa yanapanda kufuata nyuzi na mikono inaning'inia kwa kinubi kana kwamba ndiyo inakishikilia. Kinubi kinatakiwa kukaa kwa bega la kulia na kati ya magoti, kinajisimamisha, mikono isibebe hata gramu. Nikaenda Ngong Road kwa wale mafundi wa fanicha wa kando ya barabara na kipimo nimeandika kwa karatasi, fundi akanichongea stuli ya urefu ambao nikikaa mkono unafika nyuzi za katikati bila bega kupanda. Maumivu yaliisha ndani ya wiki tatu. Pia siku hizi sipitishi dakika ishirini bila kusimama, ishirini asubuhi kabla sijaoga na ishirini jioni, na nimeendelea kuliko nilipokuwa napiga saa mbili.

Mkono wa kushoto sasa. Sisi wa kwaya tuna faida hapa na hatuitumii. Kila mtu wa kiwango cha kati anapiga kushoto do, so, do ya juu, vidole 4, 2, 1, halafu wimbo ukienda kwa fa mkono wote unaruka unaenda fa, do, fa, ukienda kwa so unaruka tena. Kuruka, kuruka, kuruka. Na kila ukiruka mkono uko hewani, na ukitua unatua kwa nyuzi zinazolia, na unajua kinachofuata. Lakini mtu wa kwaya akiimba teno haruki hivyo, sauti ya teno inatafuta noti iliyo karibu. Fanya hivyo kwa mkono. Una do, mi, so. Ukitaka kodi ya fa, yaani noti zake tatu zikilia pamoja, acha do palepale, mi ipande fa, so ipande la. Ukitaka ya so, do ishuke ti, mi ishuke re, so ibaki. Mkono haujaenda mahali, vidole vimesogea uzi mmoja tu. Nilichukua kitabu cha solfa cha kwaya yetu nikawa napiga teno na besi kwa mkono wa kushoto vile vilivyoandikwa, bila kubuni chochote, na hayo ndiyo mazoezi yamenifaa kushinda yote ya kununua.

Nikisema mazoezi ya kununua, kuna yale ya Bochsa ambayo hayana haki miliki tena na unayapata bure kwa intaneti. Robert Nicolas Charles Bochsa, mpigaji kinubi wa Ufaransa, mzaliwa wa 1789. Alikimbia Ufaransa mwaka 1817 kwa kesi ya kughushi, akahamia London, akafia Sydney 1856, maisha ya ajabu, lakini mazoezi yake mepesi yamepangwa na mtu aliyeelewa mkono. Kila moja lina tatizo moja. Usiyapige kama nyimbo za kumaliza. Moja kwa wiki mbili, metronomu kwa 50, na usiongeze mpaka usikie kimya kati ya noti, yaani hakuna mkwaruzo.

Besi za waya zinahitaji uangalifu wake. Zinalia muda mrefu sana, na kanisa letu ni saruji na mabati, kodi ya kwanza bado inazunguka huko juu wakati niko ya tatu na zinagombana. Nilikuwa nadhani ni spika. Siku hizi ninafungua kiganja cha kushoto na kukilaza kwa nyuzi za chini, kwa ukamilifu, mara moja, zinanyamaza, halafu ninaendelea. Kiganja kizima kikiingia kwa pamoja hakitoi zzt. Kikiingia kidole kimoja kimoja utapata tano kwa mpigo.

Liva ndizo bado zinanisumbua. Ziko upande wa kushoto wa shingo ya kinubi, kwa hivyo ni mkono wa kushoto unaoenda kuzigeuza katikati ya wimbo, unaacha besi, unapanda, unabonyeza, unarudi. Nilichojifunza ni kwamba usitafute nafasi ya kugeuza liva wakati unaihitaji. Itafute mapema, vipimo (zile baa za muziki) viwili vitatu kabla, mahali mkono wa kushoto una mapumziko na ule uzi hautumiki. Naandika kwa penseli nyekundu kwenye karatasi, na naandika pia noti ambayo mkono utarudi kukaa, manake kurudi ndiko kugumu.

Halafu kuna hamoniki, zile noti za kengele. Unagusa uzi katikati na upande wa kiganja cha kushoto, unapiga na gumba, unaondoa, na inalia oktava juu. Nilikuwa nazipata nikiwa E-flati, nikienda C zinakufa, na kwa mwezi mzima nilidhani ni mkono wangu. Kumbe liva ikiinuliwa uzi unakuwa mfupi kutoka juu, kwa hivyo katikati yake inahama kushuka. Kwa uzi wa sentimita 60 liva inakata kama sentimita tatu na nusu, katikati inashuka sentimita moja na nusu na zaidi kidogo. Ni upana wa kidole. Ukigusa pale pa zamani umekosa. Sasa kabla ya wimbo wowote wenye hamoniki ninapitia kila moja polepole na liva zikiwa vile zitakavyokuwa.

Watu wakiniona nacho Nairobi swali ni lile lile, hiki si ndicho cha Daudi? Nawajibu ukweli, Biblia yetu imeandika kinubi, lakini chombo cha Daudi, kinnor, kilikuwa jamii ya nyatiti. Nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii zina mikono miwili na mti wa kuvuka juu, na nyuzi zinapita juu ya daraja. Kinubi hakina hilo daraja, nyuzi zinatoka moja kwa moja kwa ubao wa sauti kwenda shingoni. Ndugu yake wa kweli hapa kwetu ni adungu ya Uganda. Nasema haya kwa sababu aliyenionyesha kuweka vidole kwa macho yangu hakuwa mpigaji wa kinubi. Ni mzee mmoja wa nyatiti niliyemwona kwa sherehe ya mazishi, amekaa chini kwa kigoda, njuga za gara kwa mguu, pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu inagonga mbao, nyuzi 8 tu, na anaimba juu yake. Nilisogea nikakaa karibu kabisa na mikono yake. Haikuwa inaondoka. Vidole vilikuwa vimeshalala kwa nyuzi, kila kimoja kinapiga na kurudi nyumbani, na kasi ile yote ilikuwa inatoka kwa mikono ambayo ukiiangalia haionekani ikifanya haraka. Alipopumzika nikamsalimu, nikamuuliza, "Mzee, unafikiria vidole?" Akaniangalia kidogo akasema, "Nafikiria maneno. Vidole vinajua kwao." Nilirudi nyumbani na hiyo picha na bado ndiyo ninayoiona nikianza mazoezi.

Kuhusu nyuzi kukatika, haraka haraka. Zangu nyingi ni nailoni na kuagiza kutoka nje ni kungoja wiki na wiki, kwa hivyo weka akiba ya zile za juu, ndizo hukatika. Ukikwama, nailoni ya kuvulia samaki ya unene ule ule, pima na kalipa, kile kifaa cha kupima unene, kwa nyuzi za juu ni kuanzia kama milimita 0.6 mpaka 0.8, itakusukuma mpaka parseli ifike. Uzi mpya utavutika na kushuka kwa wiki kadhaa, tyuni kila siku na usiogope. Na usikubali kupiga harusi juani. Nilikubali mara moja, mtaa wa Karen, bustani nzuri, walinihamisha kutoka kivulini kwa sababu ya picha, na kabla bibi harusi hajafika nusu ya njia nyuzi za juu zilikuwa zimehama na hakuna kitu ningeweza kufanya. Siku hizi ninauliza kivuli kabla ya kuuliza malipo.

Jana usiku nimejirekodi tena, wimbo ule ule, simu kwa dirisha lile lile, mvua ikinyesha nje lakini bado unasikia vizuri. Nikakaa kitandani na kalamu. Zzt zilikuwa 9. Nikaangalia ziko wapi, na saba kati ya hizo ziko mahali pamoja, ubeti wa pili, mkono wa kushoto ukirudi kutoka kwa liva ya A na kukuta besi ya E-flati bado inalia. Nimeshaandika kwa penseli nyekundu, kiganja kwanza, halafu kidole cha pete. Kesho asubuhi dakika ishirini zote ni za vipimo hivyo viwili.